Vifaa vya Kumfunzia Mtoto Nyumbani: Pesa Kidogo Zitafika Wapi?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kila mwezi wa Januari ukipita katikati ya mji wetu wa Nakuru utaona wazazi wamejipanga nje ya maduka ya vitabu, kila mmoja ameshika karatasi ya shule mkononi. Wenye watoto wa sekondari ndio hulalamika kwa sauti kubwa, na wana haki. Lakini leo sitawazungumzia hao. Nataka tuwaangalie wadogo kabisa, wale wa miaka mitatu hadi sita, ambao vitu vyao hununuliwa mwisho, wakati mfuko umeshaanza kutoboka.

Huenda ukauliza, je, mambo ya watoto wa chekechea yanamhusu nini mwanafunzi wa Kidato cha Tatu? Yanatuhusu sana sisi wa shule za kutwa. Mwenzetu wa bweni jioni yuko darasani anajisomea bila bughudha. Sisi tuko nyumbani, iwe ni Kaptembwo, Rhonda, Free Area au Lanet, taa ni moja, meza ni moja, na mdogo wako anakuvuta shati akitaka umwandikie "a". Baba yuko kazini, mama hajatoka sokoni. Basi mwalimu wa jioni ni wewe, upende usipende. Nyumbani kwetu ninao wawili, mmoja wa miaka mitano aliye PP2 na mwingine wa miaka mitatu ambaye bado yuko nyumbani. Haya ninayoandika nimeyachunguza kwa sababu yao.

Kwanza niondoe shaka moja. Simwambii mtu amtoe mtoto shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yamtaka mzazi ampeleke mtoto wake shule, na Katiba ya 2010 iliweka masomo ya awali chini ya serikali za kaunti, kwa hivyo vituo vya watoto wadogo viko. Nazungumzia mafunzo ya nyumbani yanayosaidia yale ya shule, na pia yanayoziba pengo shule zinapofungwa.

Pengo hilo si hadithi. Mwaka 2020 shule zote nchini zilifungwa katikati ya mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Madarasa matatu tu, Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha Nne, ndiyo yaliyorudi tarehe 12 Oktoba. Wengine wote, pamoja na wale wadogo wa PP1 na PP2, walikaa mpaka tarehe 4 Januari 2021. Karibu miezi kumi! Tena mwaka 2024 mvua kubwa ilinyesha, na mwishoni mwa Aprili maji yakaua watu wengi upande wa Mai Mahiu, hapa hapa kaunti yetu. Shule zilizokuwa zifunguliwe tarehe 29 Aprili zilifunguliwa tarehe 13 Mei. Kwa mtu wa umri wetu majuma mawili ni likizo. Kwa mtoto ambaye juzi tu alianza kutofautisha "m" na "n", majuma mawili yanaweza kufuta kila kitu.

Nina binamu yangu huko Subukia ambaye mwaka huo wa 2020 alikuwa PP2. Shangazi alikuwa akifanya kazi mbali, kwa hivyo mtoto aliishi na nyanya. Nyanya hana televisheni, na simu yake ni ile ya tochi. Serikali ilikuwa ikitangaza masomo katika redio na televisheni, lakini mtoto wa miaka mitano hawezi kutulia mbele ya redio nusu saa. Nyanya alikuwa na vitu vitatu: kalenda ya ukutani, debe la mahindi, na kitabu kimoja cha hadithi cha Kiswahili ambacho jalada lake lilikuwa limetoka. Kwa kalenda walisoma nambari. Kwa mahindi walihesabu. Kitabu kile walikisoma kila usiku mpaka mtoto akawa anakisoma hata kikiwa kimefungwa! Nyanya akawa mjanja, akaanza kufunika picha kwa kiganja na kumwonyesha neno moja moja kwa kidole. Shule zilipofunguliwa Januari kijana alikuwa anasoma silabi bila taabu, na wenzake wengi wakaanza upya. Nimemtaja kwa sababu kila nikisikia mtu akisema hawezi kumfunza mtoto hadi anunue vifaa, namkumbuka nyanya na debe lake.

Sasa tuingie dukani. Ukiwa na pesa kidogo, ununue nini kwanza?

Ukiuliza maoni yangu, kitabu cha hadithi kitangulie kitabu cha kujaza. Najua wengi watapinga. Mzazi akiona kitabu cha kujaza, kile cha kuunganisha nukta, kupaka rangi na kuzungushia jibu, huona mtoto "anafanya kazi". Lakini kitabu hicho hufa na mtoto mmoja. Akishakijaza kwa kalamu, mdogo wake hawezi kukitumia. Masomo ya PP1 na PP2 siku hizi ni matano: lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Katika duka moja nilikuta kitabu kimoja cha kujaza ni shilingi 350. Mara tano ni shilingi 1,750, tena kwa mwaka mmoja wa mtoto mmoja! Kitabu cha hadithi kitasomwa na wa kwanza, wa pili, na wa tatu ambaye hata hajazaliwa. Kama tayari unacho cha kujaza, usikitupe. Mwambie mtoto aandike jibu katika daftari, au weka juu ya ukurasa ile nailoni nyororo ya kujaladia vitabu aandike kwa kalamu ya ubao, kisha apanguse. (Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwezi wa Agosti 2017, lakini majalada ya vitabu bado yako.)

Pili, lugha. Mtoto wa Nakuru anayezungumza Kiswahili nyumbani ananunuliwa chati ya ukutani ya Kiingereza yenye tufaha kubwa la "a" na ala ya muziki ya "x" ambayo hata mimi sijaiona kwa macho yangu. Wengine huagiza seti nzima kutoka ng'ambo kwa dola, picha zake zimejaa theluji. Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto wa madarasa ya chini afunzwe kwa lugha ya eneo lake, na si kwa kuwachukia Wazungu. Sababu ni nyepesi. Mtoto hujifunza kusoma maneno ambayo tayari anayajua kwa sikio. Isitoshe, Kiswahili ni rafiki ya mwanafunzi. Irabu zetu ni tano tu na kila moja ina sauti yake moja, haigeuki. Aliyejua "ka" katika "kaka" ataijua katika "kalamu" na katika "sukari". Katika Kiingereza herufi "a" ina sauti nyingi mpaka sisi wa sekondari tunateleza. Aanze na Kiswahili, au lugha ya mama kama ndiyo ya nyumbani, halafu Kiingereza kije juu ya msingi huo.

Tatu, hakikisha ni kitabu kinachofaa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, hutoa orodha ya vitabu vya kiada vilivyoidhinishwa, nayo hujulikana na wauzaji wote kwa jina la Orange Book. Muulize mwenye duka akuonyeshe. Vitabu vya hadithi si lazima viwe vipya. Vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya barabara vinafaa sana, ila ufungue macho. Jirani yetu aliuziwa kitabu barabarani na kijana aliyemwambia, "Mathe, hiyo ni original kabisa, leta soo moja tu uende nayo." Kufika nyumbani akakuta kurasa zinaruka kutoka 16 hadi 25, na picha zote ni nyeusi, mtoto hawezi kujua hiyo ni embe au ni jiwe. Kilikuwa kimenakiliwa kwa wizi. Kweli rahisi huwa ghali. Kabla hujalipa, hesabu kurasa, sugua wino kwa kidole ulio na jasho uone kama unatoka, tazama kama rangi za ndani zinafanana na za jalada. Na ukiona muhuri kwamba kitabu ni mali ya serikali na si cha kuuzwa, kirudishe chini na uende zako. Hicho kimetoka katika kabati ya shule fulani, na kuna mtoto mahali fulani hana cha kusomea.

Kabla sijaacha habari ya pesa, nitakupa hesabu yetu ya likizo ya Agosti. Mama alinipa shilingi 500 akasema, "Fanya yako, usiniletee peremende." Kitabu kimoja kipya cha hadithi shilingi 220. Vya mitumba viwili shilingi 100. Krayoni shilingi 80. Madaftari mawili yasiyo na mistari shilingi 40, penseli tatu shilingi 30, gundi shilingi 30. Pesa zikaisha hapo. Bei za kwako huenda zisiwe sawa na hizi, lakini angalia jinsi zilivyogawika: zaidi ya nusu ilikwenda kwa vitabu vya kusoma, na hakuna hata senti iliyokwenda kwa kitu tunachoweza kutengeneza.

Naam, kutengeneza! Hapa ndipo penye utamu.

Miaka zaidi ya 100 iliyopita, mwaka 1907, daktari mmoja wa Italia aitwaye Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Alikata herufi za msasa ili mtoto azipapase kwa vidole kabla ya kuziandika. Leo shule zenye jina lake katika miji mingi ni za matajiri na vifaa vyake huuzwa ghali, jambo ambalo mimi huliona kichekesho, maana vilianza kwa watoto wa walalahoi. Wazo lenyewe halina bei. Na sisi wa Nakuru tumebarikiwa, kwani wazee husema jina la mji wetu latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Chekecha vumbi safi, limwage katika sinia, mtoto aandike herufi kwa kidole. Akikosea anatikisa sinia, kosa limepotea. Hakuna kifutio, hakuna karatasi iliyotoboka, hakuna machozi.

Kadi za silabi ndizo ninazozipenda zaidi. Chukua katoni kubwa ya dukani. Ubavu mmoja wenye sentimita 30 kwa 40 unatoa kadi 30 za sentimita 6 kwa 6, kwa hivyo mbavu mbili zinakupa 60. Andika irabu tano. Kisha chukua konsonanti nane, yaani b, k, l, m, n, p, s na t, uziunganishe kila moja na irabu zote. Nane mara tano ni 40, pamoja na irabu ni kadi 45. Sasa angalia maneno utakayopata: paka, samaki, kalamu, kitabu, sabuni, katoni yenyewe! Kadi zinazobaki usizitupe. Andika tena "ma", "ba" na "ka", kwa sababu bila "ma" mbili huwezi kumwandikia mtoto neno "mama", na hilo ndilo atakalolitaka kwanza. Usimpe kadi zote 45 siku moja. Anza na irabu, ongeza familia ya "m", cheza nayo siku tatu au nne mpaka aizoee, ndipo ulete nyingine. Mdogo wangu akishapata neno hulikimbilia kitu chenyewe na kuliweka juu yake. Sabuni yetu ilikaa na kadi tatu wiki nzima.

Kwa hesabu tafuta trei la mayai la karatasi. Lina mashimo 30, safu sita za matano matano. Likate vipande vitatu, kila kimoja kina safu mbili, yaani mashimo kumi. Muulize mwenye kibanda cha soda akupe vizibo 30. Mtoto akiweka kizibo kimoja kila shimo, ataona kumi ni nini kwa macho, na siku moja utamsikia akisema kumi na tatu ni trei moja iliyojaa na vizibo vitatu, kabla hata hujamfundisha. Kumbuka kwamba kabla ya kuhesabu, mtaala unataka mtoto ajue kupanga, kulinganisha na kutenga vitu katika makundi. Kwa hiyo mwache kwanza atenge vizibo vyekundu na vya kijani, vikubwa na vidogo. Usimwone anacheza ukamkemea. Huo ndio mwanzo wa hisabati tunayolia nayo sisi sekondari.

Somo la mazingira nalo liko mlangoni. Wengi wetu tunasugua visigino kwa lile jiwe jepesi lenye matundu linalopatikana kwa wingi huku Bonde la Ufa. Hilo ni zao la volkano, za akina Menengai na Longonot. Jaza karai maji, mpe mtoto jiwe hilo, jiwe la kawaida, kijiko na ganda la embe. Mwambie akisie kipi kitazama. Jiwe likielea juu ya maji atashangaa, na swali lake la "kwa nini?" litakulazimisha na wewe urudi katika daftari lako la fizikia.

Lakini jihadhari. Mtoto wa chini ya miaka mitatu asiachiwe maharagwe, mahindi wala vizibo bila mtu mkubwa karibu, maana huvitia puani, masikioni na mdomoni. Vizibo vyenye makali vipondwe kingo kwanza. Betri zilizokwisha si mchezo. Na hili naliandika kwa herufi nzito kichwani mwangu: katoni, mikebe na chupa zilizotoka mashambani na dawa za kunyunyizia, iwe ni viazi vya Molo au maua ya Naivasha, zisiguswe kabisa hata zikioshwa mara saba.

Kuna na vya bure. Maktaba ya umma iko hapa mjini na ina vitabu vya watoto. Ni wachache tu miongoni mwetu waliowahi kumpeleka mdogo wao kule, ingawa kila Jumamosi tunapita karibu tukienda kutembea. Kwa wenye simu ya intaneti, tafuteni African Storybook, mradi ulioanzishwa na shirika la Saide la Afrika Kusini na kuzinduliwa mwaka 2014. Una hadithi za picha katika Kiswahili, Kikuyu, Kimaasai na lugha nyinginezo nyingi za Afrika, na leseni yake inaruhusu mtu kuzichapisha bila kumwibia mwandishi. Hii ni tofauti na kupeleka kitabu kizima cha dukani kikatolewe kopi, jambo ambalo sheria ya hakimiliki inalikataza. Mimi nililipa shilingi 10 kwa ukurasa, nikachapisha hadithi moja fupi na kuishona kwa uzi. Vilevile KICD imeweka mtaala wa PP1 na PP2 katika tovuti yake. Huna haja ya kuuchapisha wote. Soma tu ujue mtoto anatarajiwa kujua nini mwaka huu, ndipo usimkimbize kwa mambo ya Gredi ya 2 ili majirani wakusifu.

Utajuaje kama vifaa vyako vinafanya kazi? Hapa niliiga Uwezo, utafiti ulioanza nchini mwaka 2009, ambao ulikuwa ukipima watoto wa miaka 6 hadi 16 nyumbani kwao badala ya shuleni. Ngazi yake ilikuwa herufi, kisha maneno, kisha aya, kisha hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wadogo wetu hawajafika umri huo, lakini ngazi hiyo inaweza kutumika. Kila mwisho wa mwezi nampa wangu silabi tano, maneno matano na sentensi moja ambayo hajaiona kitabuni, kwa sababu aliyekariri hadithi atakudanganya mchana kweupe. Alipokwama naandika kwenye kalenda. Mwezi wa Juni alikwama kwenye silabi. Mwezi wa Septemba alisoma "kaka ana samaki" peke yake, akamtazama kaka yetu, akamuuliza samaki yuko wapi.

Chama cha Kiswahili muhula ujao kinatarajia kutengeneza seti kumi za kadi za silabi na trei thelathini za kuhesabia kwa ajili ya kituo cha watoto kilicho nyuma ya shule yetu. Tunahitaji katoni safi za sukari au sabuni, trei za mayai zisizolowa, na vizibo visivyopungua 300. Walete kwa katibu siku ya Ijumaa baada ya masomo. Mwenye mwandiko mzuri aje na kalamu yake ya wino mzito.